Sehemu Nyeupe za Ramani

Lekishon hakuwa amenipigia simu kwa miaka mingi, kwa hivyo nilipoona jina lake kwenye kioo sikupokea mara moja. Nilijiuliza kwanza anataka nini. Ndivyo tulivyozoeana, yeye na mimi, mwaka ule wa Kitengela. Simu ikakatika, ikaita tena. "Njeri," akasema bila hata salamu, "bosi ameenda." Nilijua ni bosi gani, ingawa tangu siku hizo nimefanya kazi chini ya mabosi wengi, na sasa kuna vijana wanaoniita mimi jina hilo. "Ameenda wapi?" nikauliza, na aibu ikanishika papo hapo. "Mwaniki amefariki, Njeri. Jana, hospitalini. Nimeona usikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu." Nikamshukuru. Halafu, kabla hata ya kusema pole, nikamwuliza amejuaje, nani amemwambia, na kwa nini familia imtafute yeye kabla ya kunitafuta mimi. Nilimsikia akicheka huko aliko, kicheko cha mtu aliyechoka. "Wewe bado uko na macho ya polisi," akasema. "Mazishi ni Embulbul, Jumamosi. Utakuja?"

Nilisema nitakuja, nikakaa na simu mkononi huku chai ikipoa. Vijana ninaofanya nao kazi hulalamika kwamba mteja mpya akija mimi humhoji kama askari wa mpakani: hizi habari unazozitaka ni za nini, nani mwingine atazisoma, mwenyewe anajua? Wanadhani ni uzee. Sijawahi kuwaambia kwamba nilijifunza hayo kwenye vyumba viwili juu ya duka la mabati na saruji, nikiwa na miaka ishirini na kitu, nikiandika programu kuhusu ng'ombe ambao sikuwahi kuwaona.

Vyumba vyenyewe vilipandiwa kwa ngazi ya chuma iliyotetemeka. Chini, vijana wa duka walikata vyuma kutwa nzima, na kila kilipokatwa kipande, glasi za chai zilitembea kidogo mezani. Vumbi la malori yaliyoelekea Namanga liliingia hata dirisha likiwa limefungwa. Nilikuwa nikigeuza kibodi juu chini kila asubuhi na kuipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Chumba cha kwanza kilikuwa chetu, mimi na Lekishon, meza mbili zikitazamana. Cha pili kilikuwa cha Mwaniki, na kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba uliopakwa rangi ya maziwa. Mwaniki alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Kampuni yake iliwafunga ng'ombe mikanda shingoni, nasi tuliiita kola, na kila kola ilikuwa na kifaa kidogo kinachotuma mahali ng'ombe alipo. Mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe angetazama simu yake na kumwona. Habari zote hizo zilihifadhiwa kwenye seva tulizokodi mbali, kule kunakoitwa klaudi, na Lekishon ndiye aliyezisimamia. Alikuwa amesomea kompyuta kama mimi, na kwa kuwa alizaliwa upande wa Kajiado, ndiye pia aliyekwenda kuwafunga ng'ombe kola, kwa pikapu ya kampuni, siku chache kila wiki.

Mimi niliajiriwa kwa sababu ya mteja mmoja. Programu za watu wa nje ziliingia kwenye seva zetu kupitia mlango mmoja, ule ambao watu wa kazi yetu huuita API: unabisha, unaonyesha ufunguo wako, unapewa unachoomba. Huyu mteja alitaka kusomewa habari zetu moja kwa moja na programu zake, na programu zake zilikuwa za Python. Kwa hivyo niliambiwa niandike maktaba ya Python. Si chumba cha vitabu. Ni kifurushi ambacho mteja anakiweka kwenye kompyuta yake ili kimbishie mlango kwa niaba yake. Badala ya kuhangaika na anwani na funguo na majibu yaliyokatikia njiani, yeye anaandika mstari mmoja tu, na maktaba inajua pa kwenda. Kabla ya hapo Mwaniki alikuwa akimtumia ramani kwa barua pepe, kila mara akiombwa. Maktaba ingempunguzia kazi.

Siku yangu ya kwanza Mwaniki aliniita ndani, akafunga mlango, akaniongelesha kwa Kikuyu, kwa upole, kama mjomba. "Yule kijana, Lekishon, ni mzuri sana kwa kazi," akasema. "Lakini ng'ombe ni wa watu wao. Kuna siku anaweza kuchagua watu wao. Wewe keti pale, andika kazi yako, na uwe na macho." Nikatoka nimejaa umuhimu. Lekishon hakuinua uso. Baadaye kidogo, akiwa bado anatazama kompyuta yake, akasema, "Amekuambia niko na shida gani?"

"Hajasema kitu."

"Sawa. Mimi Kikuyu sijui, lakini jina langu nalijua."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Saa ya chakula tulishuka pamoja hadi kibandani kwa Mama Shiro, nyuma ya bucha, tukala chapati na madondo ya maharagwe kwenye benchi moja, na kila mmoja aligeuza simu yake kifudifudi. Alikuwa mcheshi, hilo siwezi kumnyima. Alijua kuwaiga wateja wote, na aliniwekea vipande vya parachichi kwenye sahani bila kuuliza. Lakini mama yake alipompigia alinyanyuka na kwenda kuongea Kimaasai karibu na mtaro, na siku moja nilisikia wazi jina langu katikati ya maneno nisiyoyajua. "Njeri" mara moja, kicheko, kisha "Njeri" tena. Sikumaliza chapati yangu. Alasiri ile nilibadilisha nywila zangu zote. Yeye naye, kila Mwaniki aliponiita ndani na mlango ukafungwa, alinitazama nikitoka kama mtu anayehesabu vijiko baada ya wageni kuondoka. Sasa nikitazama nyuma naona jinsi ilivyokuwa rahisi kutupanga. Ukuta mmoja wa mbao ulitosha, na lugha mbili ambazo kila mmoja wetu alijua moja tu.

Kazi yenyewe niliipenda, na hilo lazima niliseme kwa sababu lilinifumba macho. Nilipenda kuchagua majina ya vitu. Nilipenda kuhakikisha ufunguo wa mteja hauandikwi ndani ya programu bali unasomwa kutoka mahali pake pa siri, na kwamba mtandao ukikatika maktaba inasubiri kidogo na kujaribu tena bila kelele. Mwaniki aliingia asubuhi moja akiwa na kikombe chake, akasimama nyuma ya kiti changu. Mteja, alisema, ameomba kitu kimoja zaidi. Anataka kuuliza kinyume: badala ya ng'ombe wako wapi, wapi hapana ng'ombe, na ni tangu lini. "Ni mambo ya nyasi," akaeleza. "Wanachunguza malisho yaliyopumzika. Tuite hivyo hivyo, malisho yaliyopumzika." Nikaona ni wazo zuri. Kulikuwa na ukame mkali. Mvua zilikuwa zimekataa, na nyasi zilikuwa habari ya kila mtu. Ng'ambo ya meza, Lekishon aliacha kupiga kibodi. "Nyasi huioni kwa kola," akasema, Mwaniki alipokwisha kuondoka. "Kola inaona ng'ombe."

"Mahali ng'ombe hawako, nyasi inapumzika. Si ndiyo?"

"Sasa hivi ng'ombe wetu wote wako Kimana kutafuta maji. Nyumbani hakuna hata unyasi mmoja unaopumzika. Kuna vumbi." Aliniangalia kidogo. "Lakini wewe ndiye uko na bosi. Muulize."

Sikumuuliza. Niliwaza kwamba labda ana wivu, kwamba kazi ile ingekuwa yake kama mimi singeajiriwa.

Ni yeye aliyenialika kwao. Alikuwa anakwenda kubadilisha betri za kola za majirani waliobaki na ng'ombe wachache, na akasema si vizuri mtu aandike juu ya ng'ombe mwaka mzima bila kunusa mmoja. Nilikubali haraka kuliko nilivyokusudia, kwa sababu Mwaniki alikuwa ameniambia niwe na macho. Tulipita Isinya, tukapita mji wa Kajiado, tukaacha lami. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya mabati, sakafu ya simiti iliyopigwa nta nyekundu, makochi yamevikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, na taa moja ya sola ikining'inia kwa waya. Mama alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo. "Takwenya," akanisalimia, na Lekishon akaninong'oneza jibu, nikasema "Iko" vibaya, wote wakacheka. "Uniite Yeyo, ndiyo mama kwa Kimaasai," akasema. "Huyu ameniambia kwa simu, kuna Njeri hapendi vitunguu. Nimepika kabichi bila vitunguu. Nilimwambia, Njeri gani huyo hali vitunguu? Atanenepa na nini?"

Nilikaa na sahani yangu ya ugali na kabichi na supu ya mbuzi iliyo chungu kwa mizizi, na uso wangu ukawaka. Kumbe ndiyo "Njeri" ya mtaroni. Yeyo aliendelea kunijazia chai ya maziwa matupu, na mimi nikaendelea kunywa kwa sababu sikujua mahali pa kuangalia.

Baada ya chakula tulitembea hadi kwenye kilima kidogo nyuma ya boma. Upande wa pili ndipo familia ilipolishia tangu zamani, ardhi ya kundi la familia nyingi ambayo ugawaji wake ulikuwa haujamalizika. Lekishon alitangulia. Alipofika juu akasimama ghafla nikamgonga mgongoni. Chini yetu kulikuwa na nguzo mpya za mawe, nyeupe, zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, na vijana watatu walikuwa wakivuta waya. Yeyo alitufikia taratibu, akaweka mkono kiunoni. Hakushangaa, alikuwa amekwisha kuziona. "Walianza wiki ile ng'ombe waliondoka," akasema. "Kwa jirani yetu Ole Tipis vilevile. Walianza wiki ileile ng'ombe wake waliondoka. Sisi tunauliza, hawa watu wamejuaje? Hapa kutoka barabarani huoni kitu." Kisha akasema kitu kwa Kimaasai, polepole, na Lekishon akageuza uso. Nilipomsihi anitafsirie alikataa. Yeyo mwenyewe ndiye aliyenitafsiria, akimwangalia mwanawe na si mimi. "Majirani wanasema ni huyu. Wanasema, nani anajua ng'ombe wetu wameondoka lini? Si yule aliyewafunga shanga za umeme shingoni?"

Tulianza safari ya kurudi Kitengela. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nikimhurumia, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikipiga hesabu. Alijua njia zote. Alikuwa na ufunguo wa seva zote. Alikwenda huko kabla ya nguzo. Nilitazama mikono yake kwenye usukani nikajiuliza kama mtu anaweza kuuza malisho ya mama yake mzazi, na nikajijibu kwamba watu wameuza zaidi ya hayo. Karibu na Isinya alisema ghafla, "Unaniwazia nini?" Nikasema siwazi kitu. "Na mimi siwazi kitu," akajibu, na tukaendelea hivyo, kila mmoja hawazi kitu, mpaka stendi.

Mteja alikuja mwenyewe kuwekewa maktaba ilipokamilika. Jina lake alisema ni Dan, mwembamba, mwenye manukato mazuri na shati lililopigwa pasi hadi likawa kama karatasi. Mwaniki alimtuma Lekishon mjini Kajiado asubuhi hiyo, kwa shughuli ambayo sikuona haraka yake, kisha akamketisha Dan kwenye kiti cha Lekishon na kompyuta yake mbele yangu. Niliona viatu. Vilikuwa vya ngozi, vya gharama, na kwenye kingo za soli kulikuwa na udongo mweusi wa mbugani, ule unaoganda kama saruji. Mtu wa ofisi wa Nairobi hana udongo huo. Nilianza kazi. Nikaandika amri ya kukiweka kifurushi, kikashuka vizuri, nikampa nafasi abandike ufunguo wake huku nikitazama pembeni kama inavyotakiwa, nikafanya jaribio dogo, ng'ombe wakatokea. "Safi sana," akasema Dan. "Ngoja nione na yangu." Akafungua programu yake mwenyewe, ambayo tayari ilikuwa imeandikwa kusubiri yangu, akabonyeza.

Ramani ikafunguka. Mahali penye ng'ombe palikuwa kijani, na penginepo, kulikotangazwa na maktaba yangu kuwa kumepumzika, palikuwa peupe. Weupe ulikuwa mwingi kuliko kijani. Na juu ya weupe huo kulikuwa na mistari myembamba ya bluu, iliyonyooka, ikikata ardhi vipande vidogo vidogo vinavyolingana, na kati ya vipande kulikuwa na barabara ambazo hazipo. Vipande vingine vilikuwa na majina ya watu. Nilikitafuta kile kilima. Nilikiona kwa jinsi mto mkavu unavyokizunguka. Upande wake wa nyuma, pale nilipomgonga Lekishon mgongoni, palikuwa peupe na pamekatwa tayari, futi hamsini kwa mia, hamsini kwa mia, mpaka ukingoni.

"Hizi ndizo nyasi?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ya kawaida, na hilo hunishangaza mpaka leo.

Dan alicheka vizuri, bila ubaya. "Nyasi itaota, madam. Mbele ya kila nyumba, kwa geti." Kisha akanitazama mara ya pili, kicheko kikapungua, akafunga kompyuta. "Wewe ni mtu wa Mwaniki, si ndiyo? Ndiye amekuleta?" Nikasema ndiyo. "Basi sawa." Alimpungia Mwaniki mkono kupitia mlango, akashuka ngazi, na glasi zikatetemeka. Mwaniki alitoka akisugua mikono. "Imekubali?" Nikasema imekubali. Nilimtazama usoni, nikitafuta. Uso wake ulikuwa uleule wa siku zote, mpole, umejaa kuridhika kwa mtu ambaye kazi yake imekwisha vizuri.

Sikujua nimwambie nani. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: nilikuwa na jambo zito kifuani na nilimshuku kila mtu ambaye ningeweza kumwambia. Kama Lekishon alikuwa mtu wao, kumwambia ilikuwa kuwapigia kengele. Kama hakuwa mtu wao, basi nilikuwa nimemkosea tangu siku ya kwanza. Tulikutana kwa Mama Shiro kesho yake. Nilisubiri mpaka sahani ziletwe, nikamwambia kila kitu: ramani, mistari, kilima, geti. Hakugusa chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Bosi amekutuma?"

"Anitume nini?"

"Uniambie, uone nitafanya nini. Nikienda kuwaambia watu, anifute kazi, aseme Lekishon alichagua watu wao. Si ndiyo alikuambia siku ya kwanza?"

Alikuwa amekisia maneno ya Mwaniki karibu yalivyo, bila kujua Kikuyu. Mama Shiro alikuja na thermosi, akatutazama, akarudi nayo. "Lekishon," nikasema hatimaye, "mimi pia nilidhani ni wewe. Nilidhani tangu kule kilimani. Leo asubuhi bado nilikuwa nadhani kidogo."

Mabega yake yakashuka, akavuta sahani. "Angalau hiyo ni ukweli," akasema, na akaanza kula.

Tungeweza kuufunga mlango wa seva siku ileile. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Nilitaka kufuta kile kipengele cha malisho na kuukataa ufunguo wa Dan. Lekishon alikataa. Alisema Dan amekwisha kuiona ramani, na tukifunga kimyakimya, majirani wataendelea kuamini ni yeye, na kesho atakuja mtu mwingine na ufunguo mwingine. "Ng'ombe si wetu," akasema. "Wenyewe waseme."

Kwa hivyo Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele ya kanisa la mabati kule kwao, kompyuta yangu juu ya meza ya mchungaji, jua likipiga bati mpaka linalia. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na hakuna aliyenitabasamia isipokuwa Yeyo. Niliandika mistari michache kwa maktaba yangu mwenyewe, na Lekishon akamwita mmoja mmoja aje aone ng'ombe wake walipo, kule Kimana, vitone vya kijani kandokando ya mfereji. Walifurahi, mzee mmoja alimtambua dume wake kwa jinsi alivyojitenga na wenzake. Kisha nikawaonyesha weupe. Sikuwa na mistari ya Dan, lakini haikuhitajika. Kila mtu aliona nyumbani kwake kumeandikwa kuwa hakuna mtu.

Ole Tipis, yule jirani ambaye naye alikuwa amewekewa nguzo, alisimama nyuma. "Wewe msichana ni mtu wa nani?" akauliza.

"Nafanya kazi kwa kampuni ya hizi kola."

"Hiyo nimesikia. Nauliza, ni mtu wa nani? Nani amekutuma kutuonyesha? Leo unatuonyesha hii, kesho unatuonyesha karatasi ya kuweka kidole."

Lekishon alitaka kunijibia, wakamzomea. Yeye naye walikuwa bado wanamshuku. Nilisema hakuna aliyenituma. Nilisema sina karatasi. Niliona hawakuamini, na sikuweza kuwalaumu, maana mimi nisingeamini. Ndipo Yeyo alipoinuka na kuuliza swali moja ambalo halikuwa la kuniamini wala kutoniamini. "Hii kitu, mtu akiikata na kisu, bado inaongea?"

"Hapana, Yeyo. Ikikatwa mkanda inanyamaza."

"Haya," akasema, akawageukia wengine. "Sasa hatuna haja ya kujua msichana ni wa nani."

Walituma vijana Kimana. Jumatano, wanaume wanne walipanda ngazi ya chuma wakiwa na gunia, Ole Tipis mbele, wakapita kati ya meza zetu bila kutuangalia, wakaingia kwa Mwaniki na kulimwaga mezani. Kola zilianguka kwa kishindo, zingine mpaka sakafuni, zimekatwa zote, zikinuka ng'ombe. Kule chini walisitisha kukata vyuma. Mwaniki alitoka nje ya mlango wake akiwa na chai kwenye shati. Hakutazama wanaume wale. Alitutazama sisi. "Nani amewaambia?" akauliza, kwa Kiswahili, si kwa kile Kikuyu chake cha mjomba.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Lekishon, wakati uleule.

"Niliambiwa ni nyasi," Mwaniki akasema. Alilisema kwetu, kisha akageuka akawaambia wale wanaume, kisha akarudi kutuambia tena. "Niliambiwa ni mambo ya nyasi." Nimeurudia uso wake wa wakati ule mara nyingi sana. Kuna siku ninaona mtu aliyedanganywa. Siku nyingine ninamwona mtu aliyemtuma Lekishon Kajiado asubuhi ile ili asiwepo.

Kampuni haikufika mwisho wa mwaka. Bila kola hakuna ramani, na bila ramani Dan hakurudi. Nilisikia alipata njia nyingine mahali pengine. Familia ziliwarudisha ng'ombe mapema, wakiwa wamekonda, zikawapitisha katikati ya nguzo na kuwaacha wajikune hadi nguzo zikainama. Mambo yakaenda kwa chifu, kisha mahakamani, yakakaa huko miaka. Nyuma ya kilima waya uliondolewa. Upande wa Ole Tipis, karibu na barabara, haukuondolewa, na leo kuna maghorofa yenye mageti, na mbele ya mageti kuna nyasi. Yeyo yuko hai, bado ananiuliza vitunguu vilinikosea nini. Na majirani, Lekishon aliniambia, hawakuwahi kumwomba radhi. Waliacha tu kusema, akajifunza kuridhika na hilo.

Mwaniki alizikwa nyumbani kwake Embulbul, nyuma ya nyumba ya mawe isiyokwisha, vilima vya Ngong vikiwa vimefunikwa na ukungu. Nilikwenda nikitafuta ishara. Niliitazama nyumba nione kama imejengwa na mtu aliyekula rushwa au mtu aliyelaghaiwa, na nyumba haikusema. Mjane wake alinishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye Njeri," akasema. "Alikutaja sana." Nilisubiri aongeze alinitaja vipi. Aliitwa na wapishi, akaenda.

Lekishon alikuwa amekaa kiti cha mwisho kabisa cha hema, kofia magotini, mvi zimemjaa. Nilikaa kando yake. Baada ya sala watu walipanga foleni kutupa udongo, na sisi tukabaki tumekaa.

"Umekuja kumlilia?" nikamwuliza.

"Nimekuja kuona wanamzika wapi." Alilisema bila haya. "Miaka yote nilisema, siku akifa nitaenda kuona shamba lake ni gani. Kama ni moja ya zile sehemu nyeupe nitajua alilipwa nayo."

"Sasa umeona. Hapa ni Embulbul. Si kwenu."

"Si kwetu," akakubali. Akatazama ile ardhi nyeusi iliyorundikwa kando ya kaburi, na nyumba za majirani zilizobanana hadi chini ya vilima, ukuta kwa ukuta. "Lakini hapa pia, Njeri, kuna mtu alikuwa anachunga."

Halafu akasimama, akavaa kofia, akakumbuka akaivua tena, akaenda kusimama kwenye foleni. Zamu yake ilipofika aliinama akachukua udongo kwa mkono wa kulia, akakaa nao kidogo kabla ya kuutupa.